Mwongozo Kamili wa Kuandika Sheria za Shule ya Sekondari Zinazotekelezeka

Rasimu za sheria za shule ambazo walimu wa nidhamu wamekuwa wakiniletea nizipitie zina kasoro moja inayojirudia, na kasoro hiyo si uchache wa sheria. Sheria zinakuwa arobaini au hamsini, zimechapwa vizuri na kupigwa mhuri, lakini mwalimu wa zamu wa wiki hii anazielewa kwa namna yake na wa wiki ijayo kwa namna nyingine, huku mzazi aliyeitwa shuleni akiuliza swali ambalo hakuna aliyejiandaa kulijibu: mwanangu amevunja kifungu kipi hasa?

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakuu wa shule, walimu wa nidhamu na wajumbe wa bodi katika shule za sekondari za Tanzania Bara. Zanzibar ina wizara yake na sheria yake ya elimu. Msomaji aliyeko Kenya anaweza kufuata hatua za uandishi, lakini asichukue chochote kinachohusu viboko, kwa kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ya nchi hiyo imepiga marufuku adhabu ya kumchapa mwanafunzi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Msikae kikao cha kwanza kabla vitu hivi havijawa mezani:

- Sheria ya Elimu, Sura ya 353, pamoja na kanuni zake mbili za mwaka 2002: ile ya adhabu ya viboko (Tangazo la Serikali Na. 294) na ile ya kuwaondoa na kuwafukuza wanafunzi shuleni (Tangazo la Serikali Na. 295).
- Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, unaohusu kuwarejesha shuleni wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo.
- Fomu ya kujiunga na shule inayotumika sasa, kwa sababu ndiyo sheria pekee ambayo mzazi aliwahi kuiona na kuitia sahihi.
- Kitabu cha makosa na adhabu, pamoja na majalada ya wanafunzi walioandikiwa barua za onyo katika miaka miwili iliyopita.
- Ratiba ya siku nzima ya shule, kuanzia kengele ya kuamka, au kengele ya namba kwa shule za kutwa, hadi taa za bwenini zinapozimwa.

Watu nao waandaliwe. Kamati ndogo inatosha: mwalimu wa nidhamu, mwalimu wa malezi na ushauri, matroni au patroni, kaka mkuu na dada mkuu, mzazi mmoja, na mjumbe mmoja wa bodi. Kazi ianze Septemba au mapema Oktoba, ili bodi ipate nafasi ya kuijadili rasimu kabla shule haijafungwa na fomu mpya ziwe tayari wanafunzi wa kidato cha kwanza watakaporipoti Januari.

## Hatua ya 1: Someni kitabu cha makosa kabla ya kuandika lolote

Kamati nyingi huanza kwa kuchukua sheria za shule jirani inayosifika na kubadilisha jina la juu. Matokeo yake ni shule ya kutwa yenye vifungu vya bwenini, na shule ya wasichana watupu yenye sheria ya ndevu.

Fungueni kitabu cha makosa na mhesabu ni makosa gani yameandikwa mara nyingi, yanatokea saa ngapi, na ni wanafunzi walewale au ni tofauti. Shule ya kutwa iliyo mbali na makazi itakuta kurasa nzima za uchelewaji, na shule ya bweni itakuta kutoroka usiku, wizi wa ndoo na nguo zilizoanikwa, na kukwepa maandalio ya jioni. Sheria zenu zianzie hapo.

Jihadharini na jambo moja wakati wa kusoma: kitabu kinaonyesha makosa yaliyokamatwa, si yote yaliyotendwa. Uonevu wa wanafunzi wakubwa dhidi ya wageni wa kidato cha kwanza hauandikwi kwa sababu anayeonewa haendi kusema. Waulizeni matroni na viranja wa mabweni.

Hatua hii imekamilika mkiwa na ukurasa mmoja wenye makosa yasiyozidi kumi na tano, yaliyopangwa kwa wingi wake, ambayo kila mjumbe anakubali kwamba ndiyo hali halisi ya shule yenu.

## Hatua ya 2: Tenganisheni mwenendo unaotarajiwa na sheria

Shule inatarajia mwanafunzi awe mkweli, awasalimie wakubwa, ashirikiane na wenzake, na ajitume katika masomo. Hayo ni matarajio ya kimalezi, na mahali pake ni ukurasa wa mwanzo wa waraka, chini ya kichwa cha habari kama "Mwenendo tunaoutarajia". Sheria ni kile ambacho mwanafunzi akikitenda, au akiacha kukitenda, kuna hatua itakayochukuliwa dhidi yake.

Mkivichanganya, mnajikuta na kifungu kinachosema "Mwanafunzi awe na heshima wakati wote" kikiwa na adhabu mbele yake. Kifungu cha aina hiyo kinampa mwalimu mwenye hasira ruhusa ya kuadhibu chochote, kuanzia tusi hadi jicho. Wanafunzi wanalijua hilo haraka, na wakishalijua hawaiheshimu hata ile sheria nzuri iliyo jirani yake.

Matarajio yaandikwe kwa lugha ya kujenga, nayo yawahusu walimu pia. Ukiandika kwamba mwanafunzi anatarajiwa kuwahi kipindi, ongeza sentensi inayosema mwalimu naye anatarajiwa kuwahi. Najua kuna wakuu wa shule wasiopenda sentensi hiyo.

## Hatua ya 3: Andikeni kila sheria kwa tendo linaloonekana

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, kwa hiyo itahitaji siku nyingi kuliko nyingine zote. Kila sheria ijibu maswali manne: nani, tendo gani, wapi, na wakati gani. Baada ya hapo iwekewe kipimo ambacho watu wawili wakisimama mbele ya mwanafunzi mmoja watatoa jibu moja.

Chukueni kifungu kilichozoeleka: "Mwanafunzi awe nadhifu na nywele ziwe fupi." Ufupi wa mwalimu wa Hisabati si ufupi wa mwalimu wa zamu. Kiandikwe upya hivi: "Mwanafunzi wa kiume na wa kike atakuwa na nywele zisizozidi urefu wa sentimita moja, bila mtindo wowote wa kuchonga pembeni, na ukaguzi utafanyika mstarini kila Jumatatu asubuhi." Iwapo shule inaruhusu wasichana kusuka, tajeni aina ya msuko na siku ya kufumua. Sentimita moja niliyoitaja ni mfano tu. Muhimu ni kipimo kiwepo, na mwalimu wa zamu awe na rula mfukoni badala ya kuwa na maoni.

Sare nayo ipewe sentensi zake kamili: rangi ya shati, rangi ya suruali au sketi, urefu wa sketi ukipimwa kutoka gotini, rangi ya hijabu kwa wanafunzi wa kike Waislamu wanaoivaa, aina ya viatu, na nguo za kazi za mikono. Hapohapo, ndani ya kifungu hichohicho, andikeni wanaosamehewa. Mwanafunzi mwenye ualbino anahitaji kofia pana na mikono mirefu hata pale ambapo sare ni mikono mifupi. Aliyefungwa bandeji mguuni hawezi kuvaa kiatu cheusi cha kufunga kamba. Msamaha usipoandikwa, mwanafunzi huyo atalazimika kujieleza upya kila zamu inapobadilika.

Simu za mkononi zina utata wao. Karibu kila fomu ya kujiunga inasema simu hairuhusiwi, na inaishia hapo. Haisemi kama kosa ni kumiliki, kuleta, au kutumia. Haisemi simu iliyokamatwa inawekwa wapi, kwa sahihi ya nani, na inarudishwa kwa nani. Andikeni: "Mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu, laini ya simu au kifaa kingine cha mawasiliano akiwa ndani ya eneo la shule, bwenini au kwenye safari ya shule. Kifaa kitakachokamatwa kitaandikwa kwenye daftari mbele ya mwanafunzi, kitatiwa kwenye bahasha yenye sahihi mbili, kitahifadhiwa katika ofisi ya mkuu wa shule, na kitakabidhiwa kwa mzazi au mlezi tu." Msiweke maneno ya kuivunja simu kwa nyundo mbele ya wanafunzi mstarini. Ni mali ya mtu, mara nyingi ya mzazi, na shule haina mamlaka ya kuiharibu.

Epukeni pia maneno kama "na mengineyo" au "kosa lolote ambalo uongozi utaona linafaa". Mwandishi huyaweka ili asibanwe, lakini kwenye kikao cha bodi ndiyo ya kwanza kushambuliwa na mzazi anayeijua haki yake.

Mtajua mmefaulu mtakapomsomea kifungu mwanafunzi wa kidato cha pili, naye akaweza kusema bila kusaidiwa ni nini hasa asichotakiwa kufanya kesho asubuhi.

## Hatua ya 4: Pangeni makosa kwa ngazi, kisha mziwekee adhabu zinazoruhusiwa

Ngazi tatu zinatosha. Makosa madogo, kama kuchelewa namba au kutochomekea shati, yanamalizwa na mwalimu wa darasa au wa zamu. Makosa ya kati, kama kutoroka vipindi, kudanganya ruhusa au kurudia kosa dogo baada ya kuonywa, yanakwenda kwa mwalimu wa nidhamu na kuandikwa kwenye jalada. Makosa makubwa, kama wizi, kupigana kwa kujeruhi, ulevi, dawa za kulevya au kuchochea mgomo unaoharibu mali, yanafika kwa mkuu wa shule na bodi. Mamlaka ya kumfukuza mwanafunzi hayako mikononi mwa mwalimu mmoja, na waraka wenu usiandike sentensi inayoonyesha vinginevyo.

Kuhusu viboko, kanuni ya mwaka 2002 iko wazi, na walimu wengi wanaoitumia hawajawahi kuisoma. Viboko ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, si kwa kushindwa swali la Fizikia. Havizidi vinne kwa tukio moja. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi na kuruhusiwa kwa kila tukio. Mwanafunzi wa kike huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina mwalimu wa kike. Umri, jinsi na afya ya mwanafunzi huzingatiwa. Kila tukio huandikwa kwenye kitabu maalumu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la mwalimu, na mkuu wa shule huweka sahihi. Kwa hiyo mwalimu anayepita korido na fimbo akiwachapa waliochelewa yuko nje ya kanuni. Ndivyo ilivyo pia kwa mwalimu aliye kwenye mafunzo kwa vitendo na kwa kiranja. Andikeni hayo ndani ya sheria zenu, kwa sababu mwanafunzi ana haki ya kujua mpaka uko wapi.

Maoni yangu ni kwamba shule inayoweza kuandika ngazi zake zote bila kutaja kiboko iandike hivyo. Kitabu cha makosa mlichokisoma katika hatua ya kwanza kitawaonyesha ni majina mangapi yanajirudia licha ya kuchapwa.

Adhabu za kazi, kama kufyeka, kumwagilia bustani au kufanya usafi wa ziada, ziwekewe muda na zifanyike nje ya saa za vipindi. Adhabu inayomtoa mwanafunzi darasani kwa wiki nzima inazalisha kosa jingine, maana atakaporudi atakuwa nyuma na atatoroka kipindi cha somo ambalo halielewi tena. Kazi zenye hatari, kama kuchimba shimo refu, kubeba mawe au kushika kinyesi kwa mikono mitupu, zipigwe marufuku kwa maandishi. Zipigwe marufuku pia adhabu za jumla, ambapo bweni zima linapiga magoti kwa kosa la mmoja.

Faini za fedha ziacheni. Tangu utaratibu wa elimu bila ada uanze Januari 2016, faini katika shule ya serikali itasomeka kama mchango wa lazima uliobadilishwa jina. Mwanafunzi aliyevunja kioo kwa makusudi anaweza kutakiwa kukirudishia, baada ya mzazi kuitwa na thamani kukubaliwa kwa maandishi.

Mwisho, kagueni orodha ya makosa ya kufukuzwa shule iliyo kwenye fomu ya zamani. Kama neno "kupata ujauzito" bado limo, liondoeni. Waraka wa 2021 ulifungua njia ya mwanafunzi huyo kurejea, na fomu inayosema vinginevyo inawafanya wazazi waamini kwamba masomo ya binti yao yameishia pale.

## Hatua ya 5: Tenganisheni kosa la nidhamu na jinai

Mwanafunzi aliyebakwa, aliyelawitiwa au aliyepewa ujauzito hana kesi ya nidhamu. Ni mwathirika. Kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu, kama kilivyorekebishwa mwaka 2016, kinamweka aliyempa mwanafunzi ujauzito kwenye hatari ya kifungo cha miaka thelathini, na suala hilo halimalizwi kwa wazazi kukaa ofisini kwa mkuu wa shule na kuelewana.

Wekeni kifungu kifupi kinachosema: mambo ya aina hii yatapelekwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kwa Afisa Ustawi wa Jamii, na mwanafunzi anaweza pia kupiga namba 116, huduma ya simu kwa mtoto. Namba hiyo ibandikwe mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuisoma bila kuonekana na watu, kwa mfano ndani ya mlango wa choo.

## Hatua ya 6: Wekeni utaratibu wa kumsikiliza mwanafunzi

Kabla ya adhabu yoyote ya ngazi ya kati au kubwa, mwanafunzi aelezwe kosa lake kwa kutaja namba ya kifungu, apewe karatasi na muda wa kuandika maelezo yake, na aruhusiwe kutaja shahidi. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa chaguo lake. Nimeyaona maelezo ya Kiingereza ambayo mwanafunzi alikiri kosa asilolitenda kwa sababu tu alikosea njeo ya kitenzi.

Asiandike akiwa amepiga magoti, wala mbele ya mwalimu aliyemshitaki. Mzazi ataarifiwe kabla ya kikao cha kamati ya nidhamu, si baada ya uamuzi. Na uamuzi uwe wa maandishi, wenye sababu, ukieleza pia mahali pa kukata rufaa.

Walimu wengine hulalamika kwamba utaratibu huu unachelewesha kazi. Ni kweli unachelewesha, hasa kwa mwezi wa kwanza. Lakini jalada lenye maelezo ya mwanafunzi, ya shahidi na muhtasari wa kikao linamlinda mkuu wa shule pale Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri atakapopiga simu kutaka kujua kilichotokea.

## Hatua ya 7: Ijaribuni rasimu kwa kisa kimoja kigumu

Msipitishe rasimu kwa kuisoma tu. Tungeni kisa chenye utata, kwa mfano hiki: mwanafunzi wa kutwa amekutwa na simu iliyozimwa ndani ya begi, saa nne asubuhi. Anasema mama yake alimtuma aipeleke kwa fundi baada ya masomo. Ni mara yake ya kwanza, lakini wiki iliyopita alionywa kwa kuchelewa.

Wapeni kisa hicho, pamoja na rasimu, walimu wawili wasiokuwa kwenye kamati na wanafunzi wawili, kila mmoja peke yake. Kila mtu aandike: kifungu gani kimevunjwa, ni ngazi ipi, nani anaamua, na simu inakwenda wapi. Majibu yakifanana, kifungu kimeiva. Yakitofautiana, msiwalaumu wasomaji. Kwa kawaida tatizo huwa ni neno "kurudia": je, kuchelewa na kuleta simu ni kosa lililorudiwa au ni makosa mawili tofauti? Rasimu iseme wazi, kisha mjaribu tena kwa kisa cha kutoroka bwenini na kingine cha uonevu.

## Hatua ya 8: Pelekeni kwa bodi, kisha msambaze

Bodi ya shule ikishapitisha, waraka uwekewe tarehe ya kuanza kutumika. Kosa lililotendwa kabla ya tarehe hiyo lihukumiwe kwa sheria za zamani.

Nakala moja iambatishwe kwenye fomu ya kujiunga, yenye nafasi ya sahihi ya mwanafunzi na ya mzazi au mlezi. Kwa wanafunzi waliopo tayari, kusoma sheria zote mstarini kwa jua la saa mbili hakutoshi. Kila mwalimu wa darasa atenge kipindi kimoja, apitie vifungu na kuruhusu maswali. Maswali hayo yaandikwe, maana mengi yataonyesha mahali ambapo kipimo bado hakijakaa sawa. Mwalimu mpya anayeripoti naye apewe nakala siku anayopokelewa, pamoja na ratiba yake ya vipindi.

Msirekebishe kifungu katikati ya muhula kwa tangazo la mdomo. Mabadiliko yakihitajika, yaandikwe, yapewe namba na tarehe, na yapelekwe kwenye kikao kinachofuata cha bodi. Mwalimu wa nidhamu awe na jalada moja lenye toleo la kwanza na marekebisho yote kwa mpangilio, likae ofisini kwake mahali ambapo mthibiti ubora wa shule akiliomba atalipata bila kusubiri mtu arudi na funguo.